Dawa Mpya, Shamba la Minazi na Mama Aliyeko Huruma



Juma hili nimeiweka kando mada ya lishe ya watoto niliyowaahidi, kwa kuwa imetufikia barua isiyofaa kungojea zamu yake.

Barua hiyo imeandikwa na dada mmoja mzaliwa wa Msambweni anayeishi Nairobi, katika mtaa wa Huruma. Mamake, bibi wa miaka 76, ana maradhi ya usahaulifu ambayo daktari ameyataja kwa jina la Alzheimer. Kaka wa dada huyu, aliye ughaibuni, amesoma habari za dawa mpya inayosemekana kuondoa uchafu ubongoni. Bei yake inatisha. Kwa hivyo kaka ameshauri kwamba shamba la minazi la mama, lililoko Msambweni, liuzwe na mama apelekwe nje akatiwe dawa hiyo. Dada anamalizia kwa maneno haya: "Nikikataa, nitakuwa nimemnyima mama yangu tiba? Nikikubali, halafu dawa isifae, nitamtazama vipi?"

Nilikuwa na safari yangu ya Nairobi, nikaomba ruhusa ya kumzuru, nikapewa. Nimeruhusiwa pia kuyaandika haya, bila ya majina.

Huruma imepakana na Mathare na Kiamaiko, karibu na barabara ya Juja. Ukiingilia upande wa Kiamaiko unapokewa na soko la mbuzi, na sauti za wachuuzi wengi wao ni ndugu zetu Waislamu kutoka kaskazini mwa Kenya. Baada ya hapo ni maghorofa yaliyosongamana, nguo zimeanikwa kila roshani, na ngazi nyembamba zenye kiza hata adhuhuri. Mwenyeji wangu anakaa ghorofa ya nne. Lifti hakuna, na maji hupandishwa kwa mitungi. Dada huamka saa tisa za usiku kukanda mahamri ya kuuza, na saa kumi na mbili asubuhi huteremka na beseni lake. Mama hubaki na jirani. Siku ambayo jirani hayupo, dada hufunga mlango kwa nje, na aliponieleza hayo aliinamisha uso.

Mama alinipokea kwa adabu zote za Kipwani. "Karibu mwanangu. Wewe watoka kwa nani?" Nikamtajia ukoo wangu, akafurahi. Dakika mbili baadaye akaniuliza tena, nikamtajia tena, akafurahi vile vile. Mara ya tatu hakungoja jawabu. Alinyanyua mikono kuniombea dua, na Suratul-Faatiha ikamtoka mdomoni pasi na kosa hata la herufi moja. Binti yake akanitazama. "Hiyo haijamtoka," akasema. "Jina langu ndilo lililomtoka."

Yalivyoanza

Dada alinisimulia kwamba dalili zilianza miaka minne nyuma, mama angali kwake Msambweni. Pilau ilitiwa chumvi mara mbili. Hereni zikapotea, msichana wa kazi akasingiziwa wizi, kisha zikapatikana ndani ya pakacha la unga. Siku moja mama alitoka madrasa ya akina mama, njia aliyoipita kwa miaka thelathini, akapatikana magharibi upande wa pili wa mji. Familia ikasema ni uzee. Majirani wakanong'ona kuwa ni jini, na wengine wakataja neno baya zaidi.

Neno hilo tusilichukulie kwa wepesi. Sisi wa Pwani tunajua yaliyowapata wazee wa Kilifi, waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wengine kuzikimbia nyumba zao kwa ajili ya mvi zao. Mzee anayetangatanga usiku, anayezungumza peke yake, anayegonga mlango wa jirani akidhani ni wake, huweza kuwa mgonjwa ambaye hajapata wa kumtambua. Kukosa jina la ugonjwa kumewagharimu watu roho zao.

Qur'ani imeitaja hali ya mtu kurudishwa kwenye udhaifu wa umri hata elimu aliyokuwa nayo ikamwondoka. Hivyo hali yenyewe si ngeni kwetu, wala si aibu. Na Mtume (s.a.w.) alituhimiza kutafuta tiba, akauvua uzee peke yake katika magonjwa yenye dawa. Wapo wanaoyachukua maneno hayo kuwa kibali cha kukaa kitako. Lakini Alzheimer si uzee. Wako masheikh na mabibi wa miaka 90 ambao bado wanasomesha na kuhesabu deni la duka kwa kichwa. Alzheimer ni maradhi yanayoshika ubongo, kama kisukari kinavyoshika damu, nayo huwapata zaidi wenye umri mkubwa.

Ni maradhi gani?

Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Alikuwa amepoteza kumbukumbu, akimshuku mumewe na asijue alipo. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mambo mawili: madonge yaliyoganda baina ya seli za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua madonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Huanza kujikusanya kimya kimya, pengine miaka kumi hadi ishirini kabla mtu hajasahau kitu cha maana.

Usahaulifu mkubwa wa uzeeni una sababu nyingi, na Alzheimer ndiyo iliyo kuu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na maradhi ya usahaulifu, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu na kwetu, watafiti walipowapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wana maradhi haya. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni wagonjwa.

Dawa alizosoma kaka

Dawa za kwanza zilizoenea ni za kumeza. Donepezil iliidhinishwa Marekani mwaka 1996, zikafuata rivastigmine, galantamine na memantine. Hizi huzisaidia seli zilizosalia kuwasiliana vizuri zaidi. Baadhi ya wagonjwa hutulia na hujimudu kwa muda, lakini maradhi yenyewe huendelea chini kwa chini.

Dawa mpya ni za aina nyingine. Ni kingamwili zilizotengenezwa maabara, zinazoingizwa mwilini kwa dripu, zikaishika amiloidi na kuuwezesha mwili kuiondoa. Ya mwanzo, aducanumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 katikati ya mabishano makubwa ya wataalamu, na Januari 2024 kampuni yake, Biogen, ikatangaza kuiacha. Ya pili ni lecanemab, ya kampuni ya Eisai ya Japani ikishirikiana na Biogen, iliyopata idhini kamili Marekani Julai 2023. Ya tatu ni donanemab ya Eli Lilly, iliyoidhinishwa Julai 2024.

Kwa hivyo kaka hakudanganywa. Dawa ipo, na uchafu kweli huondoka. Vipimo vya picha za ubongo vimethibitisha. Lakini dawa yoyote, hata ya kikohozi, ina maswali matatu ya kuulizwa kabla ya kufungua kibeti.

Swali la kwanza: ni ya nani? Lecanemab na donanemab zilijaribiwa kwa watu walio mwanzoni mwa maradhi, yaani wale ambao wameanza kusahau lakini bado wanavaa wenyewe, wanapika na kwenda sokoni. Mtu ambaye hajui tena jina la mwanawe, anayevishwa na kuogeshwa, hakuwamo katika majaribio hayo, na dawa haikuidhinishwa kwa ajili yake.

Swali la pili: inafaa kwa kiasi gani? Katika jaribio kuu la lecanemab walishiriki watu 1,795 kwa miezi 18. Nusu walipewa dawa, nusu wakapewa dripu isiyo na dawa, bila ya wao kujua. Hali zao zilipimwa kwa kipimo chenye alama 18, ambapo alama zikipanda ndipo ugonjwa umezidi. Wasiopewa dawa walizidiwa kwa alama 1.66, na waliopewa walizidiwa kwa alama 1.21. Tofauti hiyo ndiyo inayotangazwa kuwa asilimia 27. Hakuna aliyerudishiwa kumbukumbu iliyokwisha kupotea. Mfano wake ni jahazi lililotoboka: maji yaliyokwisha kuingia hayatoki, tundu halijazibwa, ila maji mapya yanaingia polepole kidogo. Kwa baharia aliye karibu na bandari, hilo ni jambo kubwa. Kwa jahazi lililokwisha kujaa, halisaidii.

Swali la tatu: ina gharama na hatari gani? Marekani bei ya lecanemab ilipotoka ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 3 za Kenya, kabla ya kulipia vipimo. Na vipimo ni lazima. Kwanza ithibitishwe kwamba amiloidi imo ubongoni, ama kwa picha ya mashine ya PET ama kwa maji ya uti wa mgongo. Nairobi mashine ya namna hiyo iko katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kazi yake kubwa ni saratani. Kisha mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, kwa sababu dawa hizi huweza kuufanya ubongo uvimbe au uvuje damu. Katika jaribio la lecanemab, uvimbe ulionekana kwa mtu mmoja kati ya wanane hivi. Wengi wao hawakuhisi kitu, lakini wapo waliodhurika sana. Hatari huwa kubwa zaidi kwa wenye nakala mbili za jeni iitwayo APOE4, hata Ulaya imewaondoa kabisa katika idhini yake. Na dripu yenyewe ni ya kurudiwa mara kwa mara, kwa muda mrefu. Mwezi Juni 2025 chombo kinachoishauri huduma ya afya ya Uingereza kilisema manufaa ya dawa hizi ni madogo mno kulinganisha na gharama yake.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mimi sizidharau dawa hizi. Kwa zaidi ya miaka mia moja tangu Auguste Deter, hakuna kilichowahi kuigusa kasi ya maradhi haya, na sasa kimepatikana kitu kinachoigusa. Hivyo ndivyo dawa nyingi kubwa zilivyoanza, kwa hatua ndogo. Utafiti unaendelea kwa njia nyingi, na kushindwa ni sehemu yake: mwishoni mwa mwaka 2025 ilitangazwa kwamba vidonge vya semaglutide, dawa maarufu ya kisukari na unene, havikupunguza kasi ya Alzheimer kama ilivyotarajiwa. Upande wa vipimo kuna habari njema zaidi. Mwezi Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua amiloidi kwa wenye dalili. Siku kipimo kama hicho kitakapofika kwetu kwa bei ya kulipika, tutakuwa tumeondokewa na kikwazo kikubwa.

Je, dawa hizi zinatujua sisi?

Kuna jambo ambalo kaka hakuliona katika habari aliyoisoma. Katika majaribio hayo makubwa, watu weusi walikuwa wachache mno. Dawa imepimwa zaidi kwa miili ya Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki. Je, yaliyoonekana kwao yatakuwa yale yale kwetu?

Swali hili si la kubuni, na Nairobi ina sehemu yake katika historia yake. Mwaka 1996 Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwemo Raj Kalaria, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila ya kuwa na dalili za usahaulifu. Waliulinganisha na ubongo wa wazee wa Cleveland, Marekani. Kwa baadhi yao walikuta amiloidi ile ile. Likavunjika dai lililokuwa likisemwa, kwamba Mwafrika hana maradhi haya.

Upande wa pili wa bara, wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, walifuatiliwa kwa miaka sambamba na Waamerika weusi wa Indianapolis. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba Alzheimer iliwapata wazee wapya kiasi cha 25 katika kila elfu kwa mwaka huko Indianapolis, lakini Ibadan hawakuzidi 12. Na ile jeni ya APOE4, inayotabiri hatari kwa nguvu sana kwa Wazungu, haikuonekana kuwa na nguvu ile ile Ibadan. Asili moja, maisha mbalimbali, na ugonjwa ukawa na mwendo tofauti. Pengine ndani ya tofauti hiyo mna dawa ambayo bado haijagunduliwa.

Lakini nani ataigundua ikiwa wazee wetu wamefichwa vyumbani? Mzee ambaye familia imesema ni uzee, au jini, au aibu, hahesabiwi. Asiyehesabiwa hapimwi, na asiyepimwa dawa haitengenezwi kwa kumfikiria. Taasisi ya Ubongo na Akili ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi inashiriki katika mradi wa Africa-FINGERS, unaotafuta namna ya kuzuia usahaulifu kwa mazingira ya Kiafrika. Mradi huo unafuata mfano wa Finland, ambako watu 1,260 walifuatiliwa kwa miaka miwili, na waliopewa lishe bora, mazoezi, mafunzo ya akili na uangalizi wa presha walihifadhi akili zao vizuri zaidi kuliko wenzao. Tukialikwa katika utafiti wa namna hii, tuulize maswali yetu yote, tuelezwe kwa lugha tunayoielewa, tujue tuna haki ya kukataa na kujitoa, kisha tusikatae kwa sababu ya haya tu.

Jawabu la swali la dada

Tulikaa jikoni, mama amelala. Nilimweleza haya yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alinyamaza kwa muda, akauliza: "Kwa hivyo tumechelewa?"

Sikuona sababu ya kumdanganya. Nikamwambia ndiyo, kwa dawa hii mmechelewa. Miaka minne nyuma, ilipotiwa chumvi mara mbili, ndipo ulipokuwa wakati wake, na hata wakati huo dawa yenyewe ilikuwa haijafika sokoni. Hapana mtu wa kulaumiwa. Akalia kidogo, akafuta machozi kwa ncha ya leso.

Kuhusu shamba, nilimkumbusha jambo ambalo yeye na kaka yake hawakulitazama. Shamba ni la mama. Ili liuzwe, mama atawekewa karatasi mbele yake akaambiwa atie kidole gumba, naye hajui ni karatasi gani. Mali ya mtu aliyepungukiwa na akili ni amana. Haiguswi ila kwa maslahi yake yaliyo wazi, na kwa njia inayokubalika. Hapa maslahi hayako wazi. Nikamshauri wasifanye lolote kuhusu mali hiyo bila ya kufika kwa Kadhi na kupata ushauri wa wakili. Na ninyi mlio na wazee ambao akili zao bado ni timamu, zungumzeni nao sasa kuhusu wasia, hiba na amana zao, mbele ya mashahidi.

Je, hakuna la kufanya basi? Lipo, na baadhi yake limekwisha kufanyika. Mara ya kwanza mama alipopelekwa kwenye zahanati, binti aliambiwa ni uzee na akarudishwa. Mara ya pili alimpata daktari aliyeketi akasikiliza. Presha ya mama ilikuwa juu na hakuwa akitumia dawa. Masikio yalikuwa hayasikii vizuri, kwa hivyo nusu ya "kusahau" kwake ilikuwa ni kutosikia. Na kila usiku alikuwa akipewa Piriton ili apate usingizi. Watu wengi hawajui kwamba dawa hiyo ya mafua na mwasho, ikitumiwa na mzee mara kwa mara, humzidishia kuchanganyikiwa. Ilipoachishwa kwa ushauri wa daktari, presha ikatulizwa na masikio yakasafishwa, mama hakupona, lakini alianza kulala usiku bila ya kuamka kutafuta jembe. Anasubiri sasa miadi ya daktari bingwa, ambaye ataamua kama donepezil itamfaa.

Usiku ule dada alimpigia kaka yake simu, nami nikasikiliza kwa idhini yao. Kaka alikasirika mwanzo. Alihisi ananyimwa nafasi ya kumlipa mama hisani yake. Dada akamwambia kwa upole kwamba milioni 3 za dawa hazitampandisha mama ngazi. Wakakubaliana kaka atume kila mwezi mshahara wa msaidizi, mama mtu mzima wa mtaa uo huo, akae na mama saa za asubuhi. Na kila siku baada ya alasiri, wakati akili ya mama inapokuwa safi kidogo, kaka atapiga simu. Juzi dada ameniandikia: mlango haufungwi tena kwa nje.

Kwa wasomaji wote

Ukimwona mzee wako anarudia swali lile lile, anapotea njia anayoijua, anashindwa kupika alichokipika miaka yote, au tabia yake imegeuka ghafla, mpeleke hospitali mapema. Usiingoje hali ifike pabaya. Omba apimwe presha, sukari, upungufu wa damu, vitamini B12, tezi ya shingo, macho na masikio, na umwonyeshe daktari kila dawa anayokunywa. Upo usahaulifu unaotokana na mambo hayo, na baadhi yake hutibika. Mzee aliyechanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni kiharusi au maambukizi.

Kisomo na dua ni haki yake, na humtuliza. Visimzuie kufika kwa daktari. Habbat sauda si mbaya katika chakula, lakini haijathibitishwa kuwa ni dawa ya Alzheimer, na anayekuuzia chupa kwa maelfu ya shilingi kwa jina la dini anakudhulumu.

Kwa sisi ambao bado tunakumbuka: jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya usahaulifu duniani huenda yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Miongoni mwake ni presha, kisukari, lehemu mbaya, uvutaji sigara, unene, kukaa bila ya mazoezi, huzuni ya muda mrefu, upweke, kupungua kusikia na kuona, na kukosa elimu utotoni. Binti anayesomeshwa leo anawekewa akiba ya ubongo wa uzeeni. Na presha ya mama wa miaka 45, ambayo kidonge chake ni cha bei ndogo, ina uzito kuliko dripu ya dola elfu ishirini na sita atakayoitafuta akiwa na miaka 75.

Mwisho, mlezi naye ni mtu. Shirika la Alzheimer na usahaulifu la hapa Kenya, lililoasisiwa na Elizabeth Mutunga, ambaye mwenyewe alimwuguza babake, huwakutanisha walezi wakazungumza. Ikiwa katika familia yenu mzigo umemwangukia binti mmoja, kwa kuwa hajaolewa au kwa kuwa ndiye aliye karibu, kaeni mugawane. Wengine watoe fedha, wengine watoe siku, na aliye mbali atoe sauti yake.

Nilipoaga, mama alinishika mkono akaniuliza kwa mara nyingine natoka kwa nani. Nikamtajia ukoo wangu. Akafurahi kama alivyofurahi mwanzo.

Mola awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Juma lijalo, inshallah, tutarudi kwenye lishe ya watoto.